Mfukoni Hakuna Kitu: Kijana wa Shule na Mauaji ya Kimbari



Mwezi uliopita nilikuwa Tosamaganga, pale juu kilimani, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Nilialikwa kuzungumza na vijana wa sekondari kuhusu kazi ya uandishi wa habari. Nilikwenda nimejiandaa kwa maswali ya mishahara ya watangazaji na nani anamjua msanii gani. Yalikuja, tena mengi. Kisha kijana mmoja wa nyuma kabisa akasimama: "Kaka, mauaji ya Rwanda tunayasoma darasani, ya Sudan tunayasikia kwenye redio. Sisi hela hatuna, hata nauli ya likizo tunasubiri kutumiwa. Mtu kama mimi anawasaidiaje hao wanaouawa?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kengele ya chakula ilikuwa imeshagonga, nikamwahidi kwamba nitaandika.

Swali lake limenisumbua wiki tatu. Ndani yake kuna dhana ambayo wengi wetu tunayo, hata sisi wenye mishahara, kwamba msaada ni mchango na mchango ni hela. Tumezoea daftari la michango: ya harusi, ya msiba, ya kipaimara. Asiye na cha kuandikisha anakaa kimya pembeni. Lakini ukifuatilia historia ya mauaji ya kimbari katika ukanda wetu huu, unakuta jambo ambalo vitabu vya darasani havilisemi sana. Vijana wa umri wa yule muulizaji wamo humo, tena si kama marehemu tu, na karibu wote hawakuwa na senti mfukoni.

Tuanzie Nyange, magharibi ya Rwanda. Jina hili baadhi yenu mnalijua kwa sababu ya kanisa. Aprili 1994 Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani pale, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyohiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa hapa kwetu Arusha, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikamfunga maisha. Hiyo ndiyo Nyange ya kwanza.

Nyange ya pili ni ya miaka mitatu baadaye. Jioni ya tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari ya Nyange walikuwa prepo baada ya chakula cha usiku. Waliosoma bweni mnaijua hali hiyo, huyu anafanya hesabu, yule anasinzia juu ya kitabu. Wakaingia watu wenye silaha, wapiganaji wa yale makundi yaliyokuwa yakiendeleza vita baada ya serikali ya mauaji kuanguka. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Wakasema hapa hakuna Wahutu wala Watutsi, sisi ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Ndipo zikafuata risasi na mabomu ya kurusha kwa mkono. Sita walikufa, miongoni mwao Chantal Mujawamahoro na Valens Ndemeye, na wengine wengi walijeruhiwa. Baadaye Rwanda iliwatangaza wanafunzi wa Nyange, waliokufa na waliopona, kuwa mashujaa wa taifa katika daraja linaloitwa Imena.

Wiki sita tu baada ya hapo, 30 Aprili 1997, jambo lilelile likatokea upande wa pili wa mpaka. Katika seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi nchini Burundi, waasi waliwavamia vijana alfajiri bwenini na kuwaamuru wajitenge kwa kabila. Walikataa pia. Waliuawa 40. Kanisa Katoliki limefungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Nimesoma habari hizi mara nyingi na kila mara nabaki kwenye kitu kimoja. Kwa Mhutu aliyekuwa mle darasani, kujitenga kulikuwa rahisi sana. Hatua tano tu kuelekea ukutani, na unaishi. Hakuna ambaye angemlaumu. Alichokitoa kumsaidia mwenzake wa dawati hakikununuliwa popote.

Hapa kuna kitu cha kuelewa kuhusu namna uovu huu unavyofanya kazi. Muuaji wa kimbari ana tatizo la kiutendaji, kama naweza kuliita hivyo: lazima ajue nani ni nani. Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, wanasali kanisa moja, wanaoana. Kwa hiyo alihitaji vitambulisho vyenye kabila, ambavyo Wabelgiji walivianzisha miaka ya 1930, na mwaka 1994 vikawa ndiyo karatasi ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Alihitaji pia shule. Waliosoma Rwanda kabla ya 1994 wanasimulia jinsi mwalimu alivyokuwa akisema "Watutsi simameni", ahesabu, aandike. Watoto wengine hawakujua wao ni nani mpaka siku hiyo walipotumwa nyumbani kuuliza. Burundi mwaka 1972, jeshi lilipoamua kuwamaliza Wahutu waliosoma, wanafunzi wa sekondari walichukuliwa kutoka mashuleni kwa majina na kupakiwa kwenye malori.

Ndiyo maana Nyange na Buta si hadithi za ushujaa tu. Vijana wale waliharibu chombo cha kazi. Hawakumzuia muuaji kuua, lakini walimnyima ule mgawanyo aliokuja kuutafuta.

Jamani, sisemi mtoto wa mtu akafe. Usiku kama wa Nyange, Mungu apishe mbali, si wa kuuombea. Lakini kutenganisha watu huanza mapema sana, kwenye mambo madogo ambayo kijana wa miaka 16 anayaona kila siku kabla hata mwalimu hajayaona. Nani anaitwa jina gani bwenini. Nani hapewi kitanda karibu na wenzake. Utani gani unachekesha kila mtu isipokuwa mmoja. Nitarudi kwenye hili.

Kabla ya hapo niseme neno kuhusu hela, maana najua kuna msomaji atasema, "Sawa, lakini wakimbizi wanakula nini, mshikamano?" Kweli. Tarehe 28 Aprili 1994, na usiku wa kuamkia kesho yake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kwa siku moja! Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa ulioota usiku. Pale yalihitajika malori, maturubai, mahindi, dawa ya kipindupindu, na mwanafunzi na sabuni yake moja hana cha kubadilisha. Hilo ni la serikali na Umoja wa Mataifa.

Lakini Benaco inafundisha kitu kingine pia. Wengi waliovuka siku ile hawakuwa wakiwakimbia wauaji. Walikuwa wakikimbia jeshi la RPF lililokuwa linasonga mbele, na katikati yao walikuwamo wauaji wenyewe. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa kiongozi wa wilaya ya Murambi, alikuwa kambini pale akila mgawo kama wengine. Wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe, umati ulifanya fujo kumtetea. Mahakama ya Arusha ilikuja kumtia hatiani mwaka 2011. Kwa hiyo hata mwenye gunia la mahindi alitakiwa kwanza kujua habari: nani amemfanya nini nani. Hela bila habari ililisha watoto wenye njaa na ikalisha pia interahamwe. Nawaambia kama mwandishi, wala sitanii.

Sasa nataka kuzungumza juu ya kitu ninachokipenda zaidi katika historia hii yote, na ambacho watu wengi hapa kwetu hawakijui.

Mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, Butare, wanafunzi 12 walionusurika mauaji walianzisha chama chao, AERG. Fikiria hali yao. Mtu ana miaka 20, wazazi hakuna, wadogo zake hakuna, nyumba imechomwa. Usiku hawezi kulala. Likizo ikifika wenzake wanafunga mizigo, yeye hana pa kwenda. Wangeweza kuandika barua za kuomba ufadhili, na nadhani waliandika. Lakini walifanya kitu kingine ambacho hakikuhitaji ufadhili: walitengeneza familia. Wanafunzi kadhaa wanakaa pamoja, wanamchagua mmoja wao awe baba na mmoja awe mama, na waliobaki wanakuwa watoto. Baba wa miaka 22, mwanawe wa miaka 21! Familia inajipa jina. Mmoja akiugua, mama anakwenda kumwona hospitali. Mmoja akifeli, baba anamwita na kumgombeza. Siku ya mahafali kuna watu wa kumpigia makofi, na siku ya kuoa kuna wazee wa kusimama upande wake. Mtindo huu ulisambaa hadi shule za sekondari, na hizo familia za kuchaguana zipo mpaka leo, wengine wameshapata wajukuu humo.

Unaona? Yatima walimsaidia yatima. Hakuna shirika ambalo lingeweza kulipeleka jambo hilo kwa ndege.

Haya, turudi Tosamaganga, maana yule kijana aliuliza kana kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali.

Kutoka pale kilimani Kalenga si mbali. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga kwa mizinga. Hilo tunalijua wote. Tusilolizungumza sana ni miaka karibu minne iliyofuata, hadi Mkwawa alipojiua 19 Julai 1898 pale Mlambalasi. Kwa miaka hiyo vita haikuwa ya ngome tena, ilikuwa ya vyakula. Kijiji kilichoshukiwa kumlisha kilichomewa nyumba na ghala. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayemtoa, hela ambayo mkulima wa Uhehe asingeiona maishani mwake. Na bado watu waliendelea kuacha chakula porini. Mwishoni kabisa alibaki na wafuasi wachache mno, na kijana mmoja aliyekuwa akimtumikia alikamatwa na kikosi cha Sajini Merkl, ndiyo wakafika. Wapo wanaomsema vibaya kijana yule. Mimi nimeshindwa. Alikuwa na njaa, amezungukwa na bunduki, na mtu mzima aliyemtegemea alikuwa mgonjwa tayari.

Miaka saba baadaye ikaja Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuingia, lakini majirani zetu Wabena, Wapangwa na Wangoni waliingia, na kusini yote ikachomwa. Mashamba, akiba, mbegu. Wanahistoria kama Gwassa wamekadiria vifo kati ya 250,000 na 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa iliyopangwa. Je, yale yalikuwa mauaji ya kimbari? Kwa Waherero na Wanama wa Namibia, waliouawa kati ya 1904 na 1908, Ujerumani ilikubali kutumia neno hilo Mei 2021. Kwa Maji Maji wasomi bado wanabishana, na mimi sina digrii ya kuwaamulia. Ila kumlaza mtu njaa kwa makusudi mpaka ukoo uishe, sioni jina la heshima linalofaa.

Sasa sikilizeni hili. Tunajua kiasi tunachojua kuhusu Maji Maji kwa sababu ya wanafunzi. Mwaka 1968 idara ya historia pale Dar es Salaam iliwapeleka vijana wake vijijini kwao kuwahoji wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 wakati huo, yaani walibaki wachache na muda ulikuwa unayoyoma. Wale wanafunzi hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni lugha ya nyumbani, kwa sababu Mzungu mtafiti angehitaji mkalimani, lakini kwa hawa mzee alikuwa anazungumza na mjukuu. Waliuliza, wakaandika, na mwaka 1969 kazi zao zikakusanywa. Mpaka leo hakuna anayeandika habari za Maji Maji kwa uzito bila kupita kwenye maandishi yale.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na ambao bado wanatafuta fuvu lake. Sisemi Steinmeier aliletwa na madaftari ya wanafunzi. Nasema asingekuwa na wa kumwomba radhi kama watu wangekuwa wamesahau majina.

Hata neno lenyewe lina asili ya kishule. Mwaka 1921 Mwarmenia mmoja alimpiga risasi mjini Berlin yule waziri wa Uturuki aliyeongoza mauaji ya Waarmenia. Kijana wa Kiyahudi kutoka Poland, Raphael Lemkin, wakati huo mwanafunzi, akawauliza walimu wake kwa nini anayeua mtu mmoja anashtakiwa na aliyeua watu milioni hashtakiwi. Jibu alilopewa halikumridhisha. Mwaka 1944 aliliunda neno ambalo sisi tunaliita mauaji ya kimbari, na Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wake. (Na kwa taarifa yenu, wakati Lemkin anachapisha kitabu hicho, wakimbizi wa Poland, wengi wao akina mama na watoto waliotokea kwenye uhamisho wa Siberia, walikuwa kambini Ifunda, hapohapo kwenye barabara ya Mbeya. Iringa haijawahi kuwa mbali na dunia.)

Kuhusu Sudan nitasema kwa kifupi, maana yanaendelea na yanaumiza. Januari 2025 Marekani ilitangaza kwamba wanamgambo wa RSF wametenda mauaji ya kimbari Darfur, ambako watangulizi wao Janjaweed waliua tangu 2003. Oktoba 2025 mji wa El Fasher uliangukia mikononi mwao baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka. Kijana wa Tosamaganga hawezi kufungua barabara ya El Fasher. Anachoweza ni kujua, na kukataa uongo. Kwenye kazi yangu hakuna kesi ninayoiogopa kama ile ya Arusha ya Desemba 2003, ambapo waliohukumiwa walikuwa wenye redio na mhariri wa gazeti. RTLM ilipiga muziki mzuri, vijana waliipenda, na katikati ya nyimbo ikawaita jirani zao mende. Leo redio hiyo tunayo mfukoni kila mtu. Kijana anayesema kwenye kundi la simu la darasa, "Hii picha si ya huko, na hilo neno msiwaite watu", amefanya kazi ambayo wahariri wengine wameshindwa.

Sasa nimalizie lile nililoahidi kurudi.

Wale Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 wapatao 162,000 walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Wajukuu wao wanafanya mitihani ya taifa kama wengine, na wakichaguliwa kidato cha tano wanaweza kupangwa popote, iwe Tabora, Songea au Tosamaganga. Na sote tuliosoma bweni tunajua jina wanalopewa wakifika. "Mkimbizi." "We Mrundi." Tunacheka, naye anacheka ili yaishe.

Kwa hiyo ndugu yangu wa benchi la nyuma, huenda mtu unayemtafuta Sudan analala kitanda cha juu yako. Anza kwa kumwita jina lake. Kisha, mkizoeana, muulize habari za babu yake. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa ameshavuka 70, sawasawa na wale wazee wa Maji Maji walipofikiwa na wanafunzi. Likizo ijayo mwenzako akienda nyumbani, mpe daftari lako lililobaki kurasa. Asimuulize babu kuhusu siasa wala nani alikuwa na makosa. Aanze na vitu vidogo: Babu, siku ile mliondoka saa ngapi? Mlibeba nini? Nani alibaki nyuma, na aliitwa nani? Aandike majina yote jinsi babu anavyoyatamka.